Mwendo wa Jeneza

Ndugu zangu, tukiisha kumshukuru Aliyetupa miguu na akatuwekea mahali pa kuipeleka, nawaomba mnipe masikio yenu kwa kitambo, na mikono yenu iachane na simu. Nyinyi mlio nyuma, sogeeni mbele. Mfano huu haupendi kusikilizwa na mtu aliyeegemea ukuta, na mtaona sababu yake.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja katika mji wa mawe na vichochoro kama huu wetu, mji ambao kila nyumba ina baraza na kila baraza ina watu. Jina lake silitaji, msije mkatoka hapa mkaanza kumtafuta. Mji ulimwita Fundi. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Baba Mishi, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alishona kanzu kwa cherehani ya kukanyaga tangu ujana wake, na darizi yake ya shingoni hata kipofu aliitambua kwa kuipapasa. Kisha macho yakafifia, cherehani ikafunikwa kitambaa, na miguu iliyozoea kukanyaga kutwa ikapewa mapumziko yasiyojulikana mwisho.

Lakini mfano wangu haukai kwa Fundi. Unakaa kwa mkewe, kwani katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa macho.

Siku moja Fundi aliona taabu ya kukojoa, akaficha, akazidi kuficha, kama tunavyoficha wanaume wote humu, mpaka mkewe akamshika mkono akampeleka hospitali. Akapimwa damu, akapimwa kwa mashine, akatolewa kinyama kidogo kikachunguzwa. Daktari akawakalisha wote wawili.

"Ni saratani ya tezi dume," akasema. "Lakini ni ile inayolala, na kwa sasa imelala. Hatutaikata wala hatutaichoma. Tutaiangalia. Utakuja kupimwa kwa vipindi, na siku tukiiona inaamka, tutaikabili."

Fundi akashusha pumzi. "Kwa hiyo, daktari, hakuna la kufanya?"

"Mimi sina la kufanya kwa sasa. Wewe unalo. Tembea."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote. Lakini uende kwa haraka. Mwendo wa kukuwezesha kujibu salamu, ila usiokuruhusu kusoma kasida. Na siku nyingine mikono na mabega yabebe kitu kizito kidogo."

"Na uvimbe utaondoka?"

"Hilo sikuahidi, mzee wangu, na atakayekuahidi anakudanganya. Nina wanaume wengi wenye ugonjwa uliolala kama wako. Wengi wao hauwafikishi kaburini. Kinachowafikisha ni moyo, ni sukari, ni shinikizo la damu, ni kukaa. Siku ugonjwa ukiamka nikalazimika kukupasua, nataka kisu kimkute mtu. Kisikute gunia."

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akilirudia moyoni neno moja, kukaa, kukaa, kama mtu aliyetumwa dukani akaogopa kusahau.

Akamnunulia raba. Kila siku baada ya swala ya alasiri Fundi alivaa kanzu yake, kofia yake na raba zake, akashika bakora, akatoka. Alirudi jua likielekea kuzama. Mkewe akimuuliza, "Umetembea, Baba Mishi?" naye humjibu, "Nimetembea, mke wangu." Mkewe akamshukuru Mungu, akampikia samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, na sukari akaiweka juu ya kabati asikoifikia.

Je, mwanamke huyu alikosea wapi? Mwambieni, kama mnajua.

Miezi ikapita, na Fundi akaja na kanzu mkononi. "Nifumulie mshono wa ubavuni," akasema. "Kanzu zote zimerudi kwa kufuliwa. Maji ya siku hizi yana dawa nyingi."

Fikirieni, ndugu zangu. Mtu aliyeshona kanzu umri wake wote, anayejua kitambaa kipi hurudi na kipi hakirudi, anasimama mbele ya mkewe na kwa tumbo lake anayasingizia maji ya bomba.

Mkewe akafumua mshono, lakini meno yake yalikuwa yameumana.

Wakarudi hospitali. Daktari akaangalia karatasi, akaangalia mzani, akaiangalia ile mashine ya shinikizo kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. "Ugonjwa bado umelala," akasema. "Haukunitisha. Wewe ndiye unayenitisha. Umeongezeka mwili, shinikizo limepanda, ngazi za hapa nje umezipanda ukihema nikakusikia nikiwa ndani. Ukiamka leo ugonjwa huu, mtaalamu wa kutia usingizi atakikataa kifua chako, nami nitabaki na kisu mkononi na mgonjwa asiyepasulika. Unatembea kweli?"

"Kila siku, daktari. Muulize mke wangu."

Mkewe akasema ndiyo. Akasema kweli aijuayo. Lakini kesho yake, baada ya alasiri, alivaa buibui akamfuata kwa mbali.

Fundi alitoka mlangoni kwa mwendo mzuri. Kifua mbele, bakora ikigonga mawe, raba zikilia. Mkewe akaanza kujilaumu kwa dhana mbaya. Fundi akafika baraza ya kwanza.

"Ehe, Fundi! Unatupita kama tuna ukoma?"

Fundi akasimama. Mwaweza kupita mbele ya baraza bila kusimama, nyinyi? Akatoa mkono kwa huyu, akatoa mkono kwa yule. Hujambo, sijambo, watoto je, goti lile je, yule mjukuu wa Unguja amepona? Akasogezewa mto. Kahawa ikamiminwa, kashata ikasogea. Mkewe, nyuma ya pembe ya ukuta, alihesabu vipande vya kashata mpaka akaacha kuhesabu kwa uchungu.

Akanyanyuka, akaenda hatua ambazo paka huzimaliza kwa mruko akitishwa na ufagio, akafika baraza ya pili.

"Karibu, Fundi. Aa! Umekunywa kule, kwetu hunywi? Kwetu kuna sumu?"

Akakaa. Hapo palikuwa na halua.

Akafika baraza ya tatu, ya mzee mmoja mstaafu wa forodha, mtu mwenye sauti ya kusimamisha meli. "Fundi!" akanguruma. "Nimesikia habari zako, pole sana. Lakini nani amekutuma uzurure na ugonjwa? Mgonjwa hatembei. Mgonjwa hukaa, watu wakamjia. Kaa!" Na Fundi akakaa, akaegemea, akavua hata raba. Hapo ndipo alipokaa mpaka adhana ilipokaribia, kisha akarudi nyumbani, taratibu, tumbo likitangulia.

"Umetembea, Baba Mishi?"

"Nimetembea, mke wangu."

"Umetembea, au umebebwa na kashata?"

Fundi akajua ameonekana. "Unataka nifanyeje?" akasema, na hapo hasira ikawa yake. "Nipite mbele ya watu walionijua tangu utotoni, nisisimame? Watasema nimepata kiburi. Niende mbio? Mwanamume mzima, kofia kichwani, anakwenda mbio na hakuna kinachomkimbiza? Watasema Fundi ameingiwa na wazimu."

"Kinachokukimbiza kipo. Daktari amekionyesha."

"Watu hawakioni."

"Basi hao watu watakuja kukipasua?"

Fundi akageuka, akaenda kunawa mikono ale.

Mkewe hakukata tamaa. Alikwenda kwa wanaume wa baraza zote, kwa heshima, mtandio umefungwa vizuri, akasema kwa upole, "Shemeji zangu, nawaomba. Mume wangu ameamriwa atembee. Akipita, mwachieni apite."

Wakasikitika kwa huruma ya kweli. Maana watu wale hawakuwa wabaya, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Mzee wa forodha akamwambia, "Shemeji, unataka sisi tumwangalie mgonjwa akipita juani tusimwambie karibu? Utu wetu utakuwa wapi?" Na kesho yake, kwa kumwonyesha mama yule kuwa wamemwelewa, walimpelekea kashata nyumbani. Sahani nzima, na juu yake kitambaa safi.

Aliipokea. Akasema ahsanteni. Akafunga mlango, akaiweka ile sahani juu ya cherehani iliyofunikwa, akasema peke yake, "Ewe Mola, hawa nitawafanya nini?"

Wiki ile ile akafariki mwoka mikate wa mtaa. Mtaa ukatoka kumzika. Mke wa Fundi alisimama dirishani, kama wanawake wetu wanavyosimama, akaona jeneza likitoka. Akaona na jambo jingine, ambalo lilikuwa mbele ya macho yake tangu alipozaliwa na hakupata kuliona.

Wanaume walikuwa wakienda kwa haraka.

Si ndivyo tulivyofundishwa, ndugu zangu? Maiti hacheleweshwi. Wazee waliokokota miguu kwenda dukani, leo walinyanyua hatua. Walipokezana mabega, huyu akatoka, yule akaingia. Walipita baraza ya kwanza, na aliyekuwa na kikombe akakiweka chini akasimama. Walipita ya pili, hakuna aliyesema karibu. Walipita ya tatu, na mzee wa forodha mwenyewe akaingia safuni, kimya, sauti yake ameiacha nyumbani. Na katikati yao, bega chini ya mti wa jeneza, alikuwa mumewe, akienda mwendo ule ule wa daktari, wa kujibu salamu na usio wa kasida, mpaka makaburini nje ya mji. Alirudi kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Akala kidogo, akalala kama mtoto.

Mkewe hakulala. Si kwa huzuni. Ghadhabu yake ilikuwa imepata njia.

Kesho yake, watu walipotoka kuswali alasiri, alikwenda kwa mtunza msikiti, mlango wa pembeni.

"Nataka jeneza lifike mlangoni kwetu," akamwambia.

"Inna lillahi! Kwenu? Lini, Bibi?"

"Sasa hivi. Na nimekwambia nataka jeneza. Sikukwambia nataka sanda."

Mtunza msikiti hakulisikia la pili. Sisi tukisikia neno jeneza, masikio hufungika na miguu hufunguka. Alikuwa ameshageuka, anawaita waliokuwa bado wanavaa viatu.

Mama yule akarudi nyumbani, akafungua mlango wazi, akasimama kizingitini. Alikuwa ameyapanga maneno yake, makali, ya kuwaaibisha wote, na Fundi wa kwanza. Akangoja jeneza litokeze kwenye pembe ya kichochoro.

Lakini la kwanza kutokeza halikuwa jeneza.

Alitokeza Fundi. Bila bakora. Bila kofia. Kanzu ameikusanya mkononi mpaka magotini, mguu mmoja una raba na mwingine hauna, anakimbia. Anakimbia kweli, ndugu zangu, kama kijana aliyeitwa na moto. Alifika mlangoni, akamwona mkewe amesimama, akashika nguzo ya baraza yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Uko hai," akasema.

"Niko hai."

"Nimeliona jeneza linapita. Nikauliza linakwenda kwa nani, wakasema kwa Fundi. Nyumba hii ina watu wawili." Pumzi ikamkatika. "Na mimi nilikuwa kule, nakunywa kahawa."

Mkewe alimtazama uso. Maneno yake yote makali aliyoyapanga yakampotea. Akabaki na lile moja ambalo hakulipanga.

"Umekimbia, Baba Mishi."

"Nilidhani umekufa!"

"Kumbe nikifa utakimbia. Mimi niko hai, nakuomba utembee tu. Utembee ukae nami. Nawe unanijibu, watu watasema nini. Sasa umekimbia mji mzima kichwa wazi. Wamesema nini?"

Fundi akajipapasa kichwani, akaitafuta kofia.

Ndipo jeneza likafika, na wanaume nyuma yake, na mzee wa forodha mbele yao wote. Wakamwona Fundi anahema, wakamwona mkewe amesimama, wakatazamana. Wakaliweka chini polepole.

"Shemeji," akasema mzee wa forodha, "hili si jambo la kufanyia mzaha."

"Si mzaha. Nilikuja kwenu na mzaha? Nilikuja kwa upole, mkaniletea kashata. Nimechoka, shemeji. Nimeuangalia mji huu nikaona wanaume wake wana sababu moja tu ya kwenda haraka. Basi sababu hiyo hapo, imelala mlangoni pangu, tupu, inamngoja mtu ambaye mnampa halua kila siku. Nyanyueni. Lirudisheni msikitini, lakini si kwa njia fupi. Lizungusheni nje ya mji, kwa mwendo wenu wa jana. Na mume wangu ashike mti wa mbele."

Hakuna aliyesogea.

Aliyeinama kwanza alikuwa Fundi. Akavua ile raba moja iliyobaki, akaweka bega chini ya mti. Mzee wa forodha akatazama chini, akakohoa, akaingia upande wa pili. Wengine wakafuata. Likanyanyuka.

Wakazunguka kwa njia ya nyuma, wakaanza kupita baraza ya tatu, waliokuwepo wakasimama. Wakapita ya pili. Katika ya kwanza kulikuwa na mtu mmoja asiyejua habari, akaanza kwa mazoea, "Ehe, Fundi, kari..." Akaliona lililo begani kwa Fundi, na neno akalimeza pamoja na kahawa. Wakaenda, wakapokezana, wakazunguka nje ya mji mpaka msikitini, na Fundi hakukubali kupokewa mpaka nusu ya njia. Walipoliweka chini, nyuso zote zinameremeta kwa jasho, mzee wa forodha akashika kiuno akasema, "Fundi, kesho tena?"

"Kesho tena," akasema Fundi. "Lakini hili tuliache. Aliyeliita ameshatuona."

Najua. Yuko mmoja kati yenu, pale kwenye safu ya tatu, ameshanyanyua kidole moyoni, anataka kuniuliza kama inafaa jeneza kubebwa tupu. Ni swali zuri, njoo nalo baada ya swala. Lakini mbona hukuuliza, miezi yote ile, kama inafaa mtu kukalishwa mpaka alijaze?

Na mwingine anataka kuuliza, je, ule uvimbe ulikwisha? Ulilala? Uliamka? Sijui, ndugu yangu. Mfano wangu umeishia msikitini, haukurudi hospitali. Uvimbe una Mwenyewe anayejua siku yake. Fundi hakuulizwa juu ya uvimbe. Aliulizwa juu ya miguu. Sisi tuna kawaida ya kumuuliza Mungu habari ya jambo lililo mkononi mwake, ili tusiulizwe lililo mkononi mwetu.

Sasa acheni kumcheka Fundi, maana nawaona. Katika mfano huu, sisi si Fundi peke yake. Sisi ni baraza ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Mtu ametoka kwa daktari na amri ya kuishi, sisi tunamwambia kaa. Tunamnenepesha kwa mapenzi. Tunamfanyia utu mpaka utu unamwua. Kisha siku akifa, tazameni tulivyo hodari! Tunakimbia. Tunagombea mti wa jeneza, kila mtu anataka bega lake lipate thawabu. Bega hili lilikuwa wapi jana, alipotoka peke yake na raba zake, akaona haya kwenda haraka kwa kuwa hakuna mwenzake mmoja aliyekwenda haraka pamoja naye?

Na nyinyi wanaume wa umri wa Fundi, na wa chini yake kidogo, mnaoamka kukojoa mara nyingi na kusingizia chai, nanyi mwaficha nini, na mwamficha nani? Nyumbani yuko mtu amesimama dirishani. Nenda upimwe. Ukiambiwa ugonjwa upo lakini umelala, usilale pamoja nao. Ukiambiwa tembea, usiseme nimemkabidhi Mungu miguu yangu. Amekukabidhi wewe.

Leo alasiri atapita mtu mbele ya baraza yako, kwa haraka, jasho usoni, na hakuna kinachomkimbiza ukionacho wewe. Usimwite. Weka kikombe chini, vaa viatu, umfuate. Jeneza liko pale pale, nyuma ya ukuta huu mnaouegemea, nalo halina haraka na mtu yeyote. Haraka tuwe nayo sisi, maadamu tunaweza kwenda kwa miguu yetu.

Simameni. Nyoosheni safu.